Kabla Hujanunua Printa ya Lateksi, Pima Joto Lake

Muuzaji wa printa ya lateksi, mashine ya kuchapa stika na mabango, ana onyesho moja lisilomwangusha. Anachapa kipande cha stika, anakikata kikiwa ndiyo kwanza kinatoka mashinani, anakikwaruza kwa kucha, kisha anakupa ukinuse. Vidole havichafuki, harufu hakuna. Mwenye duka aliyezoea eko-solventi, yaani wino wa kiyeyusho, ambaye chumba chake hunuka wino tangu asubuhi na ambaye kila siku humwambia mteja "njoo keshokutwa", huondoka pale ameshaanza kupiga hesabu za mkopo.

Onyesho lile ni la kweli. Ila linakuonyesha kazi ya joto tu, halikuonyeshi joto lenyewe: linakula umeme kiasi gani, linaifanyaje vinili (plastiki ya stika) ya bei nafuu uliyonunua Kariakoo, na litakudai ubadilishe nini chumbani kwako. Karibu kila sifa na kila kero ya mashine hizi chanzo chake ni joto hilo.

Kinachotokea ndani

Wino wa lateksi hauna utomvu wa mti wa mpira, kwa hiyo mwenye mzio wa glavu za hospitali hana cha kuogopa. Ni wino wa maji. Karibu theluthi mbili yake ni maji, na humo mnaelea chembe za rangi pamoja na chembe ndogo sana za plastiki, yaani polima. HP ndiyo iliyouingiza sokoni mwaka 2008 kwa mashine ya L65500, dude la inchi 104 ambalo duka la kawaida lisingeweza hata kulipitisha mlangoni. Baadaye ikaja L25500 ya inchi 42 na 60, na 2014 ukaja mfululizo wa 300, yaani modeli za 310, 330 na 360. Huu wa 300 ndio ulioifanya lateksi iwe jambo la kufikirika kwa duka lenye mafundi watatu wanne.

Vinili hainywi maji. Tone la wino wa maji likidondoka juu yake lingetambaa na kuchanganyika na jirani yake. Mashine za kuanzia mwaka 2013 na 2014 hutatua jambo hilo kwa kurusha pamoja na rangi kimiminika kisicho na rangi, ambacho HP hukiita optimaiza, kinacholibana tone pale pale lilipoangukia. Kisha stika inapita chini ya hewa ya moto. Maji yanakauka, chembe za polima zinayeyuka na kuungana, na juu ya vinili unabaki utando mwembamba wa plastiki ulioishika rangi ndani yake. Ukiitazama hivyo, mashine nzima ni oveni iliyowekewa mlangoni hedi za printa, yaani vichwa vinavyorusha wino.

Eko-solventi haifanyi hivyo. Kimiminika chake hulainisha uso wa vinili na kuzama ndani yake kidogo, na hicho ndicho kinachoufanya wino wake ushike vizuri. Sehemu yake hukauka kwenye hita ya mashine. Sehemu nyingine hubaki ndani ya vinili na kutoka polepole kwa siku moja au mbili. Wino wa UV nao huganda kwa mwanga papo hapo, lakini huacha tabaka nene la wino ambalo kwa kawaida halipendi kuvutwa. Jaribu kulifungisha kwenye bonde la mlango wa gari uone linavyopasuka.

Siku mbili zilizofichwa katika bei

Mahali lateksi inaporudisha fedha ni kwenye laminesheni, yaani kubandika utando wa kinga juu ya stika. Stika ya eko-solventi ikilaminetiwa kabla haijapumua, ile solventi iliyobaki inafungiwa. Haina pa kwenda ila chini, kwenye gundi. Gundi inalainika, kingo za stika zinaanza kujikunja baada ya plota (mashine ya kukatia stika) kukata, na juu unaona ukungu mweupe au mapovu madogo. Mbaya zaidi ni pale fundi anapoichapa roli nzima usiku, akaiacha imekazwa kwenye bomba la kukunjia, na asubuhi akaamini kwamba saa kumi na mbili zimepita kwa hiyo imekauka. Roli iliyokazwa haipumui. Lazima ilegezwe na kusimamishwa, au vipande vitandazwe.

Chukua kazi ya kubrandi magari kumi ya kusambazia soda, kila gari mita za mraba 15. Jumla ni mita za mraba 150. Mashine ya lateksi inayochapa mita za mraba 15 kwa saa itazimaliza kwa saa kumi za uchapaji. Jioni hiyo hiyo fundi analamineti, na kesho yake asubuhi gari la kwanza linafungwa. Ukifanya kazi hiyo kwa eko-solventi ya kasi ileile, uchapaji ni saa kumi vilevile, lakini gari la kwanza linagusika siku ya tatu au ya nne. Mteja mwenye magari anahesabu siku ambazo magari yake hayako barabarani, na huyo yuko tayari kulipia tofauti hiyo.

Sasa geuza upande. Kama asilimia kubwa ya kazi zako ni mabango ya fleksi ya harusi, misiba, mikutano ya injili na fungua-duka, hakuna laminesheni hapo. Bango la kampeni litakaa ukutani wiki chache kisha litageuzwa turubai la kufunikia mchanga. Wenzako wenye mashine za solventi za mita 3.2, zenye hedi za Konica 512, wanalichapa kwa bei ambayo lateksi haiwezi kuikaribia, iwe Kariakoo au River Road. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027, na bila shaka wauzaji watautumia kama kichocheo. Mtu anayenunua lateksi kwa ajili ya fleksi za uchaguzi amenunua mashine isiyo ya kazi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ni lateksi gani?", fungua daftari la risiti la miezi sita iliyopita. Tenga kazi zilizolaminetiwa, kazi za magari, kazi za ndani ya majengo kama karatasi za ukutani za hoteli na vyumba vya watoto hospitalini, na stika za vipande zilizokatwa kwa plota. Hizo ndizo za lateksi. Zikiwa ni sehemu ndogo ya mapato, acha mashine yako ya sasa ifanye kazi yake, na zile chache umpelekee mwenzako mwenye lateksi akuchapie.

Umeme: hofu iliyokaa mahali pasipo pake

Watu huogopa bili. Hebu tuipime. Mashine ya lateksi ya ukubwa wa duka huvuta kilowati 2 na ushee hadi kukaribia 5 wakati wa kuchapa, kutegemea modeli. Tuchukue inayovuta 2.5 na kuchapa mita za mraba 10 kwa saa. Kila mita ya mraba inakula robo ya uniti. Kwa mwenye LUKU ya kawaida Tanzania anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni takriban shilingi 90. Kenya uniti ni ghali zaidi, lakini hata ukizidisha mara mbili bado ni fedha ndogo mbele ya bei ya vinili yenyewe. Bili haitakuangusha.

Kinachoangusha ni uwezo wa nyaya. Latex 330 na 360, kwa mfano, zina waya mbili za umeme: moja ya elektroniki inayovuta ampia chache, na nyingine ya hita inayovuta kati ya ampia 13 na 16. Zinataka volti 200 hadi 240. Katika vyumba vingi vya kupanga madukani, soketi zote zimeunganishwa kwenye laini moja, na laini hiyo hiyo inabeba feni, kompyuta, friji ya soda ya jirani na plota. Chomeka mashine hiyo kwenye ekstensheni na utaona soketi ikibadilika rangi. Kabla ya mashine kufika, fundi umeme anatakiwa avute laini mbili za peke yake kutoka kwenye sakiti breka, na apime ati (waya wa kwenda ardhini) kama inafanya kazi kweli au ni waya tu uliochomekwa ardhini kwa ajili ya mkaguzi.

Kisha kuna kukatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kile kipande kilichosimama chini ya hita bado kina joto juu yake, na hakuna feni ya kukipoza. Vinili nyembamba inaweza kujikunja au kunata. Ukirudi kuendelea, mstari wa kiungo unaonekana, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kutupa. UPS ya kawaida itabeba kompyuta, haitabeba hita. Kama mtaa wako unakatikakatika, hesabu ya ununuzi iwe na jenereta ndani yake, na jenereta hiyo ibebe mashine, kiyoyozi na mwanga kwa pamoja. Ile ndogo ya kVA 3 unayowashia taa na kompyuta haitoshi. Stabilaiza nayo ichaguliwe kwa kilowati za hita, si kwa ushauri wa muuza vifaa vya televisheni.

Nimetaja kiyoyozi kwa makusudi. HP huitaka mashine ya aina hii ikae katika chumba cha nyuzi 15 hadi 30, na unyevu wa asilimia 20 hadi 80. Februari ya Dar es Salaam au Mombasa, chumbani chini ya bati, inavuka 30 kabla hujaiwasha mashine, na mashine ikiwaka inaongeza joto lake mwenyewe chumbani. Mtu wa Nairobi, Arusha au Mbeya anaweza kuponea madirisha. Mtu wa pwani hana ujanja: kiyoyozi ni sehemu ya mashine, na umeme wake unaingia kwenye ile hesabu ya juu. Na mvuke unaotoka ni wa maji zaidi, kwa hiyo hakuna haja ya mfumo wa kunyonya moshi kama wa solventi, ila chumba kilichofungwa kabisa kinageuka kuwa na unyevu. Hewa izunguke.

Vinili yako inasemaje?

Hapa ndipo wengi hulia. Vinili za kukandamizwa kwa roli, zile za bei ya chini tunazotumia kwa kazi nyingi, hutengenezwa kwa kuvutwa, na zikipata joto hukumbuka umbo lake la awali: zinasinyaa. Vinili za kumiminwa, kama 3M IJ180 au Avery Dennison MPI 1105, hazina kumbukumbu hiyo, ndiyo maana hutumika kwa magari na ndiyo maana bei yake inauma. Ukiweka ya bei nafuu kwenye joto la lateksi, unaweza kuona karatasi ya nyuma ikiachana na vinili na kutengeneza vichuguu, kingo zikipanda na kugusa hedi, au uso ukifanya mawimbi. Fleksi nyepesi nayo inaweza kulegea.

Dawa ipo. Unapunguza joto na kuongeza idadi ya mapitio ya hedi ili wino upate muda wa kukauka kwa moto mdogo. Malipo yake ni kasi. Ukipunguza joto kupita kiasi, wino unatoka ukiwa na mafuta-mafuta, unafutika kwa kidole, na laminesheni haishiki. Kila aina ya vinili ina dirisha lake dogo kati ya kuungua na kutoiva, na kazi ya mwezi wa kwanza wa mashine mpya ni kulitafuta dirisha hilo kwa kila roli unayotumia, kuliandika, na kumkataza fundi asilibadilishe kwa hisia.

Kuna jambo jingine linalowashangaza waliotoka eko-solventi: urefu. Joto linavuta au kusinyaza vinili kidogo wakati wa kuchapa, na kipande cha kwanza cha roli, mashine ikiwa bado haijatulia, kinaweza kutofautiana na cha tano kwa milimita kadhaa. Kwa stika ya bajaji haionekani. Kwa ukuta wa vipande sita vinavyotakiwa kukutana, maandishi yanakataa kuungana. Mafundi wenye uzoefu huchapa vipande vyote vya kazi moja mfululizo, bila kusimama, na kwa mpangilio ambao vinavyopakana vinafuatana. Wengine hukigeuza kipande kimoja kichwa chini kila baada ya kingine, ili ukingo wa kulia ukutane na ukingo wa kulia na tofauti ya rangi kati ya pande mbili za mashine isionekane.

Brosha na kasi yake

Brosha ya Latex 360 inatangaza mita za mraba 91 kwa saa. Soma mistari ya chini: ubora wa nje ni 23, ubora wa ndani 17, ubora wa juu wa ndani 14, na kwa kanvasi au bango la kuwashiwa taa nyuma inashuka hadi 6. Kile cha 91 ni hali ya kuchapa bango la barabarani linalotazamwa kutoka mbali, tena lenye rangi za kuparuza. Hakuna mteja wa stika ya gari atakayelipokea. Kila kampuni hufanya hivyo, si HP peke yake, na kila mashine ina namba moja ya kukubaliana nayo: ile ya ubora ambao wewe unauza kila siku, kwenye vinili ambayo wewe unanunua, baada ya kupunguza joto. Mara nyingi ni chini ya theluthi moja ya namba kubwa ya jalada.

Upana nao una mtego wake. Modeli ndogo kama 115, 310 na 315 ni za inchi 54, yaani mita 1.37. Za inchi 64 zinafika mita 1.63. Tofauti ya bei inashawishi kuchukua ndogo, lakini vinili za kufungia magari huja kwa mita 1.52. Kwa mashine ya 1.37 utalazimika kuagiza roli nyembamba, ambazo hazipatikani kirahisi, na boneti la gari kubwa litataka kiungo katikati. Kama daftari lako la risiti linaonyesha stika ndogo, vibandiko vya chupa na karatasi za ukutani, 1.37 inatosha kabisa. Kama linaonyesha magari, mjadala umekwisha.

Hedi, wino, na mashine za mtumba

Kwa mafundi wetu waliolelewa na hedi za Epson kama XP600, DX5 na i3200, hedi ya lateksi ni mnyama tofauti. Zile za Epson husukuma wino kwa kipande kinachojikunja kwa umeme, na zikitunzwa hudumu miaka, lakini zikiziba kwa uzembe wa wikendi moja unatafuta mamia ya dola, pengine kuzidi elfu kwa i3200. HP hutumia joto hapa pia: kijihita kidogo ndani ya kila tundu kinachemsha wino na kuurusha. Kijihita kinachakaa. Hedi ni kitu cha kubadilisha, kama wino, na gharama yake kwa mfululizo wa 300 ni dola mia na kitu kwa moja. Mwenye duka anaichomoa na kuchomeka mpya mwenyewe kwa dakika chache, bila kumwita fundi kutoka mjini.

Hiyo ndiyo sehemu ya lateksi ninayoipenda zaidi ya harufu. Mashine hujisafisha yenyewe, haihitaji mtu aingie asubuhi na pamba na kimiminika cha kusafishia, na likizo ya Idi au Krismasi haikuachii maiti ya hedi. Ila ina vitu vya matumizi ambavyo muuzaji huwa hataji siku ya kwanza: katriji ya matengenezo inayojaa wino uliotemwa na kubadilishwa, na vifurushi vya spea ambavyo mashine hudai baada ya kiasi fulani cha kazi. Viingize kwenye hesabu.

Wino wenyewe, kwa kazi ya kawaida, ni kama mililita 8 hadi 12 kwa mita ya mraba. Katriji ya mililita 775 inayotumika kwenye mfululizo wa 300 inakupa, kwa wastani wa mililita 10 za rangi zote kwa pamoja, ujazo wa kutosha mita za mraba 77. Gawanya bei ya katriji, uliyoambiwa na wakala wa hapa na si uliyoiona mtandaoni kwa bei ya Marekani, kwa 77. Linganisha na lita ya eko-solventi ya Kichina. Lateksi itakuwa ghali, na tofauti si ndogo. Usijidanganye kwamba itapungua baadaye. Kinachofidia ni zile siku mbili, roli chache zilizoharibika, na kazi za hoteli ambazo mwenye eko-solventi hawezi kuzigusa kwa sababu ya harufu.

Katriji zina chipu na tarehe ya mwisho. Wino wa kampuni nyingine upo, na wapo wanaoutumia kwa amani, lakini ukiuweka kwenye mashine mpya, dhamana ya mtengenezaji inakuwa mashakani. Duka linalochapa kidogo lisinunue katriji kubwa kwa kuwa "ni nafuu kwa lita", maana wino ulioisha muda ni hasara ya lita nzima. Modeli ya 115 hutumia za mililita 400, na kwa anayeanza hilo ni jambo jema.

Mtumba kutoka Ulaya na Dubai una soko kubwa kwetu, na una heri yake. Kabla ya kutuma fedha, uliza mashine inatumia wino namba gani. L25500 hutumia wino wa namba 789, L26500 hutumia 792, na 310, 330 na 360 hutumia 831. Piga simu kwa wakala wa Dar es Salaam au Nairobi uulize kama anao stoo, rangi zote, na hedi zake. Asipokuwa nao, mashine hiyo ni ya bei rahisi kwa sababu. Vizazi vya mwanzo, kabla ya ile optimaiza, vinataka pia joto kubwa zaidi, kwa hiyo matatizo ya vinili nafuu niliyoyaeleza huko juu yanakuwa mabaya zaidi kwake. Omba video ya mashine ikichapa ukurasa wa kupima matundu ya hedi, na omba namba ya jumla ya mita za mraba ilizochapa; mashine huihifadhi ndani yake.

Rangi ya mteja mkubwa

Kijani cha Safaricom au nyekundu ya Vodacom haina mjadala. Anayefanya kazi za kampuni kubwa anajua kwamba bango la Mwanza na la Mtwara yakipishana rangi, malipo yanachelewa. Modeli za juu kama 360 na 365 zina spektrofotomita ndani yake, kifaa kinachopima rangi kilichochapwa na kutengeneza profaili, yaani mpangilio wa rangi, ya vinili hiyo papo hapo. Modeli za chini kama 310 hazina. Kama unafanya kazi za mabenki na kampuni za simu, kifaa hicho kinalipa kuliko kasi ya ziada. Kama kazi zako ni za mtaani, ambapo mteja anasema "nyekundu ya kuwaka" na kuridhika, kiache. Zingatia pia programu ya RIP, ile inayoigeuza picha kuwa amri za printa. Wengi wetu tumezoea Maintop iliyokuja na mashine, na huenda isiikubali lateksi. Onyx, Caldera na Flexi za SAi ndizo unazokutana nazo zaidi, na leseni yake ni fedha halisi.

Kuhusu jua: madai ya HP kwa wino huu yamekuwa hadi miaka 3 bila laminesheni na hadi 5 kwa yenye laminesheni, lakini soma masharti: ni kwa kazi iliyosimama wima. Watengenezaji wa vinili huigawa dunia kwa kanda za hali ya hewa, na maeneo ya joto kama yetu hupewa miaka pungufu. Boneti na paa la gari, vinavyolitazama jua la ikweta uso kwa uso, hupewa michache kuliko hata hiyo. Usimwandikie mteja miaka mitano kwa sababu brosha imesema.

Siku hizi HP haiko peke yake. Epson ilileta SureColor R5000, na Roland ina AP-640. Zote hutumia wino wa maji wa rezini, ambao kazi yake ni ileile, na zina hedi za kudumu badala ya za kubadilisha. Ricoh na Mimaki nao wamewahi kuingia uwanjani. Kwa upande wa HP, modeli zenye herufi W kama 700W na 800W huchapa weupe, ambao utauhitaji ukichapa kwenye stika angavu za vioo au vinili nyeusi. Weupe unapunguza kasi sana. Kama huna mteja wa vioo vya ofisi na maduka ya vipodozi anayeuliza kila mwezi, herufi hiyo isikugharimu.

Ukienda kwenye onyesho, usikubali kuchapiwa picha ya kasuku kwenye vinili ya wakala. Beba roli zako mbili, ile nafuu unayotumia zaidi na ile ya magari, pamoja na faili la kazi uliyowahi kulipwa, lenye kijivu tambarare na rangi ya nembo. Shika saa mwenyewe. Chapa vipande vitatu mfululizo, uvipime kwa rula kama vina urefu sawa. Kimoja kilamineti hapo hapo, kikate kwa plota, ukakiache juani kwenye dashibodi ya gari kwa wiki moja kabla ya kusaini chochote. Na kabla hujaondoka, mtafute fundi wa wakala, siyo muuzaji, umwulize spea ya mwisho aliyoagiza kwa mashine ya aina hiyo ilichukua siku ngapi kufika.